Shajara ya mradi: sanduku la Dani na safari ya Njoro

Julai 5, Jumamosi. Siku 51 zimebaki.

Katika karakana yangu hapa Kibuye, Kisumu, kila kazi ina ukurasa wake kwenye daftari: jina la mteja, vipimo, mbao, malipo ya kwanza, siku ya kuchukua. Leo nimefungua ukurasa mpya, na mahali pa jina la mteja nimeandika Dani, binti yangu. Si jina lake la shuleni. Amepewa jina la marehemu mama yangu, na kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa nyanya, yaani dani kwa Kijaluo, hata akiwa bado ananyonya. Basi tangu akiwa mgongoni mwa mama yake namwita Dani, naye huitika kama mwenye boma.

Majibu ya KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, yametoka. Amepata nafasi Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, kusomea sayansi ya kilimo, kozi aliyoiweka ya kwanza kwenye orodha yake. Ni kifungua mimba wetu. Katika ukoo wa baba yangu hakuna mtu aliyewahi kuingia chuo kikuu akiwa mwanafunzi. Mimi niliwahi kuingia Maseno siku tatu, kufunga rafu.

Chuo kinafungua Agosti 25. Kazi ni sanduku la mbao lenye kufuli, la kuweka nguo, vitabu na chakula kikavu. Masanduku ya magurudumu yamejaa madukani mjini, lakini mimi ni seremala wa miaka 22, na moyo wangu umekataa mtoto wangu aende na sanduku la kununua. Mambo mengine ya safari nitayaandika hapa hapa, ukurasa huu huu, ili nisisahau chochote.

Julai 8

Nimenunua saipresi kavu, mbao za inchi nane kwa moja, futi 28. Nimezichagua moja moja, nikiangalia kwa jicho moja kama zimepinda na kugonga nisikie kama bado zina maji.

Kutoka juu ya dari nimeteremsha ubao wa mvule ambao nimeuhifadhi tangu 2011, mwaka tulipobomoa jiko la mama kule Alego. Ulikuwa mlango wa lile jiko. Upande mmoja bado una weusi wa moshi ambao hautoki hata ukisugua. Nia yangu ni kuufanya mfuniko.

Julai 10

Nimeunga. Mbao mbili kwenda juu, inchi 16. Urefu inchi 30, upana 18. Nimechonga ndimi kwa patasi kwenye pembe zote nne na kutia gundi. Misumari nimetia michache tu, ya kushikilia hadi gundi ikauke. Mfuniko wa mvule nimeupiga randa nusu siku. Mvule ukiupiga randa hutoa vumbi la njano linalochoma pua, lakini chini ya ule moshi rangi ilitoka kama asali ya porini. Nikakaa chini nikaitazama.

Saa saba Dani akaleta chakula. Akalizunguka sanduku, akapitisha mkono juu ya mfuniko, akasema ni zuri sana. Kisha akashika ncha moja akajaribu kuliinua. Lilipanda kidogo likarudi chini.

"Baba, nani atalibeba?"

Nikamwambia nitalibeba mimi. Akauliza, "Na likizo ya Desemba nikirudi?"

Nikasema nitakuja kumchukua. Hakubisha. Alikusanya vyombo akaenda. Lakini swali limebaki hapa karakana na mimi mchana wote.

Julai 11

Kuna msichana wa kanisani kwetu yuko mwaka wa tatu pale pale Egerton. Dani alimpigia kuuliza vitanda vya hosteli vikoje. Yule binti akatuma picha: rula ya shule imesimama wima sakafuni chini ya chuma cha kitanda, na juu ya rula nafasi ya vidole viwili vyembamba. Sentimita 32.

Inchi 16 ni sentimita 40 na ushei. Sanduku langu haliingii chini ya kitanda. Na chumba wanakaa zaidi ya mmoja, kwa hiyo hakuna mahali pengine pa kuliweka.

Nilianza kuunga kabla ya kuuliza, kosa ambalo mwanagenzi wangu akilifanya sauti yangu husikika hadi barabarani.

Julai 14

Leo sikugusa mbao. Tulikwenda kuomba ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu.

Nieleze kwanza nilivyokuwa nimefanya. Mwezi wa tano, Dani akiwa bado anasubiri kitambulisho, nilikwenda saiba moja mjini, duka la intaneti, nikamwambia kijana wa pale amfungulie binti yangu kila kitu kinachohitajika. Akafungua baruapepe, akaweka namba yangu ya simu, akaandika neno la siri kwenye kikaratasi. Nilijua nimemfanyia mtoto kazi kubwa. Laini anayotumia Dani nayo nilimsajilia mimi mwezi wa kwanza, alipomaliza kidato cha nne, kwa kitambulisho changu, maana yeye hakuwa nacho. Akitumiwa pesa kwa M-Pesa, jina linalotokea ni langu.

Sasa: kikaratasi kimepotea. Kijana wa saiba ameacha kazi. Baruapepe hatuwezi kuifungua. Na fomu inataka namba ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mwombaji mwenyewe. Tulikaa pale tangu saa tatu hadi saa nane. Nilikuwa nimeshika kipanya mimi, yeye amekaa kiti cha pembeni akinyoosha shingo kuona skrini.

Tukiwa tunatembea kuelekea Kondele akasema kwa upole, bila kuniangalia, "Baba, naomba hii fomu niijaze mwenyewe. Wewe ukae karibu tu."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema.

Julai 15

Duka la simu. Walitaka vitambulisho vyetu wote wawili na sisi wenyewe tuwepo. Laini imehamia kwake. Baruapepe mpya ametengeneza mwenyewe kwenye benchi la nje wakati mimi napanga foleni. Neno la siri hakuniambia, nami sikuuliza.

Nimechora mstari katikati ya ukurasa huu wa daftari. Kushoto ni vitu vilivyo kwa jina langu ambavyo vinamhusu Dani. Kulia ni vilivyohamia kwake. Kulia sasa kuna kitambulisho, cheti cha kuzaliwa (kilikuwa kwenye bahasha yangu kabatini), laini, baruapepe.

Julai 17

Nataka kuandika hii polepole.

Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, serikali haitoi kiasi kimoja kwa kila mwanafunzi. Wanaangalia hali ya nyumba yenu: mapato ya wazazi, watoto wangapi wanasoma, ulisoma shule gani za msingi na sekondari na karo ilikuwa ngapi. Kutokana na hayo unawekwa kwenye bendi, kutoka 1 hadi 5. Bendi ya kwanza ni ya wenye shida zaidi, na hapo mzazi anachangia asilimia 5 ya gharama ya masomo. Bendi ya tano anachangia asilimia 40. Katikati mnapangwa.

Jana usiku, mama yake ameshalala, Dani alikuwa mezani na simu yake anajaza. Akafika mahali akasimama.

"Baba, unapata ngapi kwa mwezi?"

Kwa miaka 18 hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniuliza hivyo, na kama angeuliza ningemwambia usijali, Baba yupo. Kwetu mtoto haambiwi mapato ya baba. Baba yangu alikuwa mvuvi Usenge, alikufa bila mimi kujua siku nzuri ilikuwa na kilo ngapi. Nikajikuta nasema, "Andika elfu hamsini." Hesabu hiyo ya elfu hamsini sijui ilitoka wapi. Labda nilitaka aende chuoni akijua baba yake ni mtu wa elfu hamsini.

Hakuandika. Alingoja.

Nikaenda nikaleta madaftari ya karakana, la mwaka jana na la mwaka huu. Tukayafungua chini ya taa. Akawa anasoma ukurasa kwa ukurasa, nami natafsiri mwandiko wangu. Desemba ilikuwa nzuri, watu wanataka viti kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Januari hakuna kitu, wazazi wote wamelipa karo. Machi vitanda viwili na mlango. Alijumlisha miezi kumi na miwili, akatoa mbao, gundi, kodi ya karakana, malipo ya mwanagenzi. Akagawa. Shilingi 27,600 kwa mwezi. Biashara ya mandazi ya mama yake tuliipigia hesabu ikatoka kama 8,000.

Kisha akaweka kidole mahali. "Hii S, 4,200, iko kila mwezi. Ni nini?"

Ni Sacco. Nilichukua mkopo alipoingia kidato cha tatu, wa karo yake. Unaisha Machi mwakani. Sikuwa nimewahi kumwambia. Wala wadogo zake hawajui.

Alinyamaza kidogo. Halafu akaandika 27,600 kwenye fomu, na mahali pa mama 8,000, akasoma kwa sauti alichoandika ili nithibitishe, kama karani anavyomsomea mtu wosia. Nikasema ni kweli.

Hatukulala mapema. Aliendelea kufungua kurasa za nyuma, akatoa karatasi, akaanza kuandika majina ya watu wanaonidai... hapana, ninaowadai mimi. Yule wa kabati la milango mitatu tangu 2022. Yule wa meza za hoteli. Walitoka saba, jumla 41,500. Mimi nilijua kila deni kivyake, lakini sikuwahi kuyaweka kwenye karatasi moja.

Julai 18

Wadhamini wawili wa mkopo: shangazi yake, mwalimu kule Siaya, na mzee mmoja wa kanisa. Wote wamekubali na kutoa nakala za vitambulisho. Ombi limetumwa, namba ya kumbukumbu iko kwenye simu yake.

Jambo moja Dani alinisomea kutoka kwenye masharti: mkopo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeulipa ni mwanafunzi, kuanzia mwaka mmoja baada ya kumaliza. Yaani anaanza maisha na deni kwa jina lake. Hilo limenichoma. Nilidhani nikimwuliza kama ana hofu ataniambia hapana ili nisiumie. Akasema, "Nina hofu kidogo. Lakini najua ni ngapi." Nimelifikiria hilo jibu siku nzima nikikata mbao.

Julai 22

Sanduku nimelivunja. Gundi ilikuwa imeshika sawasawa, ikabidi nikate chini kwa msumeno badala ya kufungua pembe. Nimelirudisha inchi 11, yaani sentimita 28. Mfuniko wa mvule nimeuondoa. Nimeweka wa saipresi wa sentimita 2.

Hapo Dani alikuwa na haki na sikumwambia, kwa hiyo naandika: uzito wa ule mvule ulikuwa wangu. Nilitaka aende na mlango wa jiko la nyanya yake mgongoni kutoka Kisumu hadi Njoro, na kila likizo.

Lakini sikuutupa. Saipresi ni mti laini. Ukiburuta sanduku la saipresi kwenye sakafu ya saruji kila siku, kulitoa chini ya kitanda na kulirudisha, baada ya mwaka mmoja chini kumelika. Mvule haulikiki namna hiyo. Nimechana vipande viwili vyembamba, upana wa vidole vitatu, unene sentimita moja, nikavifunga chini kwa skrubu ili sanduku liteleze juu yake. Upande wenye weusi wa moshi nimeuelekeza ndani. Sasa jumla ni sentimita 31. Imebaki moja ya kupumua.

Dani ameliinua peke yake, likiwa tupu, akatembea nalo hadi mlangoni na kurudi.

Julai 27

Mama yake ndiye aliyeleta hili, nami naona lilikuwa bora kuliko yote niliyofanya mimi. Alimpa Dani shilingi 1,000 Jumatatu akamwambia: wiki hii unajilisha mwenyewe. Humo humo uweke sabuni, vocha na nauli ya kwenda mjini. Jiko utumie letu, lakini unga, mafuta na chumvi ununue vyako. Akamwekea kona yake ya kabati.

Ijumaa asubuhi pesa ilikuwa imeisha. Kupika Dani anajua tangu darasa la sita, ugali wake unasimama na omena yake haina mchanga. Lililommaliza ni bando na chapati za barabarani, Jumanne na Jumatano. Jumamosi alikula nini sijui. Mama yake alinikataza kumpa kitu, na kusema kweli ile jioni ilinishinda kumeza.

Kesho anaanza wiki ya pili.

Agosti 3, Jumapili

Wiki ya pili alibakiza 140. Alinunua unga wa kilo mbili siku ya kwanza, nusu kilo ya omena kavu, na bando akalinunua la wiki badala ya la siku.

Leo Kibuye, soko kubwa la Jumapili. Tulikwenda wote watatu kutafuta nguo za baridi. Sisi watu wa ziwani hatujui baridi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Njoro iko zaidi ya 2,000. Hapa tunalala na shuka moja na chandarua, na usiku tunaamka kufungua dirisha. Nimewahi kufunga milango Elburgon mwezi wa saba, si mbali na Njoro. Asubuhi vidole vyangu vilikataa kushika patasi.

Mtumba ni kuchambua. Mama yake alipindua kila jaketi, akanusa kwapa, akavuta zipu mara tatu, akaangalia mshono wa begani. Tumepata jaketi zito la kijani, sweta mbili, boshori (kofia ya baridi), soksi za sufu jozi nne. Blanketi nzito tumenunua mpya. Muuzaji alipoambiwa mtoto anaenda Njoro akapunguza 150 bila kuombwa, akasema yeye alifanya kazi Molo, anajua.

Agosti 9

Fomu ya daktari imejazwa Russia, hospitali ya rufaa, ambayo kwa jina rasmi ni Jaramogi Oginga Odinga ila hapa mjini hakuna anayeiita hivyo. Alikwenda peke yake, alipanga foleni peke yake, akarudi na muhuri.

Picha ndogo, nakala za vyeti, barua ya chuo: zimo.

Agosti 12

Majibu ya ufadhili. Bendi ya tatu. Serikali asilimia 50, mkopo asilimia 30, sisi asilimia 20. Na pesa za matumizi zipo kando, nazo ni mkopo.

Nimetembea kwa wadeni wangu na karatasi ya Dani mkononi. Sikuwa hodari wa kudai, huwa naona haya kuliko yule anayedaiwa. Lakini safari hii nilikuwa na orodha yenye tarehe na mwandiko wa mtoto, na nilisema tu ukweli: binti yangu anaingia chuo tarehe 25. Mwenye hoteli alilipa yote. Wa kabati alilipa nusu akaomba msamaha. Wawili hawakupatikana. Jumla 23,000. Pamoja na akiba ya chama cha mama yake, sehemu yetu ya muhula wa kwanza imekamilika. Dani ameilipa kutoka kwenye simu yake mwenyewe, akaweka risiti.

Agosti 16

Msasa mara tatu, mkubwa kwenda mdogo. Vanishi mkono wa kwanza. Bawaba mbili za shaba, komeo, kufuli ndogo yenye funguo tatu. Ndani nimeweka ubao wa kugawa: upande mmoja vitabu, upande mmoja nguo, na chumba chembamba cha bahasha ya hati zake.

Mdogo wake wa darasa la tano ameuliza nani atalala upande wa ukutani Dani akienda. Hakuna aliyemjibu.

Agosti 21

Mama yake amekaanga omena kavu kabisa, akaiacha ipoe kwenye ungo, akaipakia kwenye kasuku mbili, yaani makopo ya mafuta ya kupikia, na kuziba kwa nailoni. Njugu za kukaanga kilo moja. Unga wa wimbi wa uji.

Usiku nilisikia mama na binti wakiongea jikoni, sauti za chini. Nilitoka nje nikakaa na kuku. Kuna mambo ambayo si ya daftari hili.

Agosti 24

Funguo tatu. Moja ameifunga shingoni kwa uzi. Ya pili ameishona ndani ya mfuko wa jaketi la kijani. Ya tatu nilikuwa nimeshaitia kwenye pete yangu ya funguo za karakana, nikijiambia ni kwa dharura. Leo jioni nimeitoa nikampa. Akauliza aiweke wapi. Nikamwambia mahali atakapoona panafaa.

Agosti 25, Jumatatu

Tuliondoka stendi saa kumi na moja alfajiri. Mama yake alitusindikiza hadi mlango wa matatu, akashika uso wa Dani kwa mikono miwili, akasema maneno machache kwa Kijaluo ambayo nitamwachia mwenyewe. Sanduku juu ya keria, nimelifunga kwa kamba mimi, kondakta akakagua akasema huyu ni fundi.

Ahero, Awasi, kisha mlima. Kericho chai ilikuwa imefunikwa na ukungu. Kufika Mau Summit madirisha yote yamefungwa, Dani amevaa boshori. Salgaa malori yamepanga mstari. Nakuru tukabadilisha gari, nusu saa na ushei tukawa Njoro. Njiani alinionyesha mashamba ya ngano, akaniambia kituo cha utafiti cha hapa kinachunguza kutu ya ngano, ule ugonjwa wa shina, na mbegu kutoka nchi nyingi huletwa kujaribiwa hapa. Alijuaje yote hayo? Amekuwa akisoma usiku, mimi nikidhani anachezea simu.

Getini tulipanga foleni. Nilishika sanduku ncha moja, yeye ncha nyingine. Mahali pa usajili askari akasema kwa heshima, wazazi wakae upande ule, wanafunzi waingie na hati zao. Nikamwangalia Dani. Alishaitoa bahasha.

Nilikaa chini ya mti na wazazi wengine, saa tatu nzima. Kulikuwa na mzee kutoka Kitui aliyekuja na gunia la maembe makavu na mtoto wa mwisho kati ya tisa. Kulikuwa na mama wa Vihiga asiyekaa, anasimama kila mlango ukifunguka. Tulikula mahindi ya kuchoma. Mzee wa Kitui alitazama sanduku likiwa miguuni pangu, akalipindua kidogo, akaona mvule. Akapitisha kidole gumba pale palipobaki moshi pembeni. Alijua ni nini bila kuuliza. Akasema, "Huu ni wa nyumbani."

Dani alitoka na kadi, ufunguo wa chumba na karatasi ya ratiba. Nilibeba naye sanduku hadi mlango wa hosteli ya wasichana, na hapo wanaume hawaruhusiwi. Akaliinua peke yake, likiwa limejaa, kwa mikono yote miwili, akaegemeza tumboni. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya tano. Nilihesabu hadi akapinda kona.

Baada ya dakika kumi simu ikaingia. Picha: sanduku chini ya kitanda, limeingia lote.

Agosti 26

Nimefika nyumbani saa nne usiku jana. Leo nimefungua karakana. Kitanda cha mteja wa Nyamasaria.

Septemba 6

Nimemtumia 500 ya sabuni. Kabla ya kutuma, simu ikauliza kama nina hakika namtumia huyu, na jina likatokea: lake kamili, majina matatu, la mama yangu likiwa katikati. Namba ni ile ile niliyomnunulia Januari, ambayo siku zote ilikuwa ikionyesha jina langu. Nilikaa na simu mkononi hadi skrini ikazima, ikabidi nianze upya.

Alipiga jioni. Baridi ni kali lakini jaketi linatosha. Udongo wameanza kuupima, wamechimba shimo la mita moja na kuusoma rangi yake tabaka kwa tabaka. Wenzake wa chumbani wanapenda omena, kasuku ya kwanza imeisha.

Bawaba ya kushoto imeanza kulia usiku akifungua. Nikamwambia ni skrubu ya juu, imelegea. Asubiri Desemba nitaikaza. Akasema amekwishaikaza kwa ncha ya kisu na kupaka sabuni ya mche kwenye pini. Alikuwa anataka tu kujua kama sabuni haitaharibu shaba.

Haiharibu.